Huruma ya Wodini Ikitazamwa Kutoka Kitandani

Muulize mtu aliyetoka kulazwa alihudumiwaje. Atakujibu kwa kifupi, "Walinihudumia vizuri," au ataguna na kusema, "Manesi wa pale, we acha tu." Mchimbe kidogo, utakuta dawa na mashine hazitaji sana. Anaeleza kama aliambiwa kinachoendelea, kama alijua anasubiri nini, na waliomshika walimshikaje. Watumishi wengi hudhani mgonjwa anataka kubembelezwa. Akibembelezwa hakatai, lakini kinachomtuliza zaidi ni taarifa.

Mkoani Tabora jambo hili lina uzito wake. Mgonjwa anayefika hospitali ya Kitete mjini, Nkinga kule Igunga au Ndala kule Nzega, mara nyingi ameshapita zahanati ya kijiji na kituo cha afya. Ametoka Ulyankulu au ndani ndani huko Sikonge, bodaboda kwanza, basi baadaye, na nauli imetokana na karanga zilizouzwa kwa bei ya haraka. Anaingia getini amechoka, na moyoni ana hofu ya kuambiwa aende Bugando, hospitali kubwa ya rufaa kule Mwanza. Ninayoyaeleza hapa hutokea wodi yoyote ya mkoa. Hospitali zilizotajwa ni za kuonyesha njia tu, si za kunyooshewa kidole.

Tuanze na kusubiri. Kipimo cha haraka cha malaria husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Picha kamili ya damu mashine huimaliza kwa dakika chache. Kinachochelewesha ni foleni, usajili, na malipo kuonekana kwenye mfumo. Kuotesha vimelea vya mkojo au usaha ni siku 2 hadi 3, kwa sababu bakteria lazima waote kwanza na hakuna wa kuwaharakisha. Mgonjwa hayajui haya. Kwa vipimo vyote vitatu anaambiwa neno lilelile: subiri. Basi anakaa kwenye benchi, hathubutu kwenda hata chooni, asije akaitwa hayupo. Akibanwa akaenda, jina linaitwa kweli, na faili linarudishwa chini ya rundo.

Sentensi moja inaondoa taabu hiyo: "Mama, majibu yako yatatoka kati ya saa 7 na saa 8. Nenda ukanywe uji. Ikipita saa 8 hujaitwa, njoo dirisha hili uniulize." Ina muda, ina ruhusa ya kuondoka, ina mahali pa kuuliza. Ikikosa kimoja kati ya hivyo, mgonjwa anarudi kwenye benchi.

Sasa sindano ya mshipani, ile inayoitwa kanula. Hapa ndipo mgonjwa anapomjua nesi wake. Anayejua kazi huuliza kwanza, "Unakulia mkono upi?" na huchagua mwingine. Hakwepi neno la mgonjwa anayesema "mkono huu juzi walinichoma ukavimba." Hatafuti mshipa kwenye kiwiko wala kwenye kifundo cha mkono kama kuna pengine, maana kila mgonjwa akikunja mkono dripu itasimama, ndugu watapiga kelele, na usiku wa manane atachomwa upya. Mshipa usipoonekana, mkono huning'inizwa chini ya usawa wa kitanda, mgonjwa akunje na kukunjua ngumi, au ufunikwe kwa kitambaa cha vuguvugu kwa dakika chache. Mpira wa kufungia mkono ukikaa umekazwa zaidi ya dakika moja au mbili, mkono unauma kabla hata ya sindano.

Spiriti nayo. Ikipakwa iachwe ikauke, kama nusu dakika hivi. Sindano ikipita kwenye spiriti mbichi inawasha kweli, na mgonjwa atasema nesi ana mkono mzito, wakati kosa ni haraka. Kabla ya kuchoma: "Nachoma sasa. Ukisikia pamewaka au pamejaa, niambie." Kisha maji ya chumvi kidogo yasukumwe, pakivimba, kanula imetoka nje ya mshipa, na hakuna haja ya kulazimisha. Rangi za kanula mgonjwa anaweza kuzijua: pinki hutosha watu wazima wengi, kijani ni nene kidogo na hufaa kwa damu na upasuaji, bluu ni ya mishipa midogo, njano ya watoto. Nesi akikosa mara mbili, huruma ni kuita mwenzake. Jaribio la tatu la mtu aliyeshakasirika huwa baya kuliko la kwanza.

Tarehe iandikwe kwenye plasta. Mgonjwa akisema "hapa panauma" aaminiwe, hata kama ngozi haijawa nyekundu, maana maumivu mara nyingi hutangulia uvimbe. Mshipa ukishakuwa mgumu kama kamba, kanula itolewe siku hiyo hiyo, hata kama kuna dozi moja tu imebaki.

Kuna dawa zinazoumiza kwa sababu ya mwendo tu. Gramu moja ya seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ikichanganywa ipasavyo husukumwa polepole, dakika 2 hadi 4. Wodi ikiwa na wagonjwa 40 na nesi ni mmoja, inasukumwa kwa sekunde kumi, na mkono unawaka mpaka begani. Nesi hana roho mbaya, hesabu yake ya muda haitoshi. Lakini mgonjwa ana haki ya kusema, "Sista, naomba taratibu," na nesi mwenye busara hapokei hilo kama dharau.

Dripu ina vituko vyake. Ndugu wengi huamini chupa ikiisha haraka, ugonjwa nao unaisha haraka. Basi nesi akigeuka, shangazi anasogeza kile kigurudumu cha kuongeza mwendo. Mpira wa dripu wa kawaida wa mtu mzima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Chupa ya mililita 500 iliyopangwa kuisha kwa muda wa saa 4 ni kama matone 42 kwa dakika. Ikifunguliwa yote, maji yanaingia kwa dakika chache, na kwa mtoto mdogo au mzee mwenye moyo dhaifu yanaweza kujaa mapafuni. Kukemea peke yake hakusaidii. Kinachosaidia ni kipande cha plasta kilichobandikwa wima kwenye chupa, kikawekwa mistari: saa 4 hapa, saa 5 hapa, saa 6 hapa. Shangazi anapewa kazi: "Maji yakifika mstari huu kabla ya saa, au yakigoma, niite." Mtu aliyepewa ulinzi hagusi tena. Aambiwe pia kwamba chupa ikiisha damu inaweza kurudi kwenye mpira. Mgonjwa hanyonywi, ila damu ikigandia pale kanula itaziba na atachomwa upya, kwa hiyo aite mapema.

Tabora na Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi, kwa hiyo wengi wanaolazwa wanakutana na sindano ya artesunate. Ratiba yake ni saa sifuri, saa 12 baadaye, saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka mgonjwa aweze kumeza. Baada ya hapo lazima amalize na dawa mseto kwa siku 3. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vidonge 4 kila mara, jumla mara 6 katika siku hizo 3. Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza, dozi iliyoanza saa 4 usiku, ya pili inaangukia saa 4 asubuhi, raundi ya madaktari imepamba moto, na inasahaulika. Mgonjwa aliyeambiwa ratiba yake atakumbusha. Asiyeambiwa atakaa kimya. La pili, artesunate inainua mtu haraka. Mtu aliyeletwa amebebwa, kesho yake anadai viatu vyake arudi shamba. Hapo asiitwe mkorofi, aelezwe kwamba vimelea wamepungua ila hawajaisha, na dozi tatu za mwanzo ndizo kiwango cha chini kabisa. Aelezwe na hili ambalo husahaulika: wiki moja hadi nne baadaye, baadhi ya waliochomwa artesunate chembe nyekundu za damu huvunjika. Akiona mkojo mweusi, macho ya njano au uchovu wa ghafla, arudi kupimwa damu.

Raundi ya madaktari. Ndugu wametolewa nje, watu sita au saba wamesimama miguuni pa kitanda, faili linafunguliwa, na mazungumzo yanaendeshwa kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mwenye mwili. Mgonjwa anakamata vineno. Daktari anaweza kusema uvimbe hauelekei kuwa wa kansa; mgonjwa amesikia "kansa" tu, na siku nzima hali chakula. Si lazima madaktari waache Kiingereza chao. Wakimaliza, mmoja abaki nyuma nusu dakika aseme matatu kwa Kiswahili: tumeona nini, leo tunafanya nini, tunasubiri nini. Na avute stuli akae. Daktari aliyekaa dakika mbili, mgonjwa atasimulia jioni kwamba alikaa naye sana. Aliyesimama dakika tano ataambiwa alipita tu.

Wazee wa Uyui na Sikonge wana jambo lao. Bibi akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka "tatizo nini?" hujibu, "Mwili wote." Akisalimiwa kwanza, "Mwangaluka, mayu," akapewa nafasi ya kuitikia na kuulizia habari za nyumbani kwa daktari, ndipo atasema kwamba ni upande huu, na ni tangu mahindi yalipopaliliwa. Kama anahitajika mkalimani, asiwe mjukuu wa kiume pale panapohusu haja ndogo au sehemu za siri. Bibi atadanganya, na historia yote itaharibika. Atafutwe mhudumu wa kike anayejua Kinyamwezi. Katika hospitali za mkoa huu hakosekani.

Kwa anayesubiri upasuaji, njaa ndiyo kesi. Kitaalamu chakula huachwa saa 6 kabla na maji meupe saa 2 kabla, pasipokuwa na sababu maalumu. Kwa mazoea, wote wanaambiwa wasile wala kunywa tangu saa 6 usiku. Aliye wa kwanza kwenye orodha anaingia saa 3 asubuhi, sawa. Wa tano bado yupo kitandani saa 9 alasiri, midomo imekauka, kichwa kinamgonga, halafu dharura ya uzazi inaingia na yeye anaahirishwa. Uzazi utangulie, hakuna anayebisha. Kinachokera ni kwamba uamuzi huo ulifanyika saa 5 na hakuna aliyekuja kumwambia, angekuwa ameshakula. Mtu mmoja wa chumba cha upasuaji apewe kazi ya kupiga simu wodini kila orodha inapobadilika, kwani kwa sasa hiyo ni kazi ya kila mtu, yaani si ya mtu.

Baada ya upasuaji, swali la "unaumwa?" halina maana, kakatwa tumbo, anaumwa. Namba za sifuri hadi kumi hufanya kazi kwa wengine, lakini wazee wengi huona ni mchezo. Maswali yanayojibika ni haya: unaweza kugeuka? unaweza kukohoa? usiku ulilala? Asiyeweza kukohoa dawa yake haitoshi, na makohozi yakibaki kifuani nimonia inanyemelea. Dawa ya maumivu itolewe kwa saa, isisubiri kilio. Parasetamo gramu 1 kila saa 6 kwa mtu mzima wa uzito wa kawaida, isizidi gramu 4 kwa saa 24, inafanya kazi vizuri zaidi ikifuatana kuliko ikitolewa pale mtu anaposhindwa. Wanaume wa huku hujikaza, wakitafuna shuka kimyakimya, na kwenye faili inaandikwa "anaendelea vizuri."

Afundishwe na kuamka. Kunja magoti, geuka ubavu kwanza, sukuma kwa kiwiko huku miguu ikishuka, kaa ukingoni dakika mbili kabla ya kusimama. Wakati wa kukohoa, khanga iliyokunjwa mara nne ishikiliwe juu ya kidonda kwa viganja viwili. Haya huchukua dakika tano kuonyesha. Asiyeonyeshwa hujivuta kwa kushika chuma cha kitanda, mshono unavutika, na tangu hapo anaogopa kuamka.

Kuhusu faragha nitasema kidogo, maana kila mtu anaijua. Pazia lipo, tatizo halivutwi. Mpira wa mkojo unawekwa huku kitanda cha pili wanapokea wageni. Na sauti haina pazia: swali la "ulianza lini dawa za ARV?" likiulizwa kwa sauti ya raundi limeshafika kijijini kabla ya mgonjwa. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inataka siri hiyo itunzwe, na kushusha sauti au kusogeza stuli karibu hakuhitaji bajeti.

Chakula huletwa na ndugu, na hapo pana mafunzo mawili. Aliyefunguliwa tumbo huanza kwa maji, chai, uji mwepesi, kadiri daktari atakavyoruhusu. Mama mkwe akija na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga kwa upendo wote, tumbo litajaa gesi na usiku utakuwa mrefu. Mama mkwe aelezwe pale nesi anapowapokea ndugu, siyo baada ya mgonjwa kula. La pili ni mgonjwa asiye na mtu: mchunga ng'ombe aliyetoka mbali, kibarua wa tumbaku aliyeletwa na tajiri akaachwa mapokezi. Wakati wa kuona wagonjwa anageukia ukutani ajifanye amelala. Wodi nzuri huwa na nesi anayewajua hao kwa kitanda, na huzungumza na ndugu wa kitanda cha jirani bila kumtia mtu aibu: "Mama, uji ukibaki, kaka yako huyu hapa naye anaweza kunywa." Watu wa Tabora hawakatai hilo, wanachohitaji ni mtu wa kulianzisha.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, asipate vidonda vya kulalia. Visigino, nyonga na chini ya kiuno ndipo panapoanza. Ngozi nyekundu ambayo ukiibonyeza haigeuki rangi ni onyo. Kwa mtu mweusi sana wekundu hauonekani, kwa hiyo pashikwe, pakiwa na joto au ugumu kuliko pembeni, asilalie tena upande huo. Ndugu wanaweza kufundishwa, na karatasi yenye saa ibandikwe ukutani ili wa zamu ya usiku asibahatishe.

Usiku wenyewe ni dunia nyingine. Kengele hakuna, mgonjwa anaita "sista" kwa sauti ya chini ili asiamshe wenzake, na sista hasikii. Nesi wa zamu akipita saa 3 usiku kitanda kwa kitanda, akasema, "Mimi ndiye nipo mpaka asubuhi, meza yangu ile pale, nitapita tena saa 6 kwa sindano," miito inapungua, kwa sababu wengi huita kuhakikisha tu kama kuna mtu. Na anapoamsha mtu kwa dozi, aguse bega na kutaja jina. Kugonga kitanda kwa faili kunamwamsha mtu na moyo unamwenda mbio.

Taarifa nzito kwetu hupitia kwa ndugu. Daktari anamwita mwenye mgonjwa pembeni, wanarudi nyuso zimebadilika, na mgonjwa anaambiwa, "Wanasema utapona." Anajua kabisa. Njia yenye heshima ni kumuuliza mapema, hata kabla majibu hayajatoka: "Majibu yakija, ungependa tukwambie wewe, au awepo nani?" Wengine watasema, "Mwambieni kaka mkubwa." Sawa, ni chaguo lake. Anayetaka mwenyewe apelekwe chumba chenye mlango, aulizwe anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, aambiwe kwa maneno mafupi, kisha daktari anyamaze. Kile kimya huwashinda wengi; wanakijaza na maelezo ya dawa ambayo hakuna anayeyasikia.

Fedha nazo ziongelewe siku ya kwanza. Mjamzito, mtoto chini ya miaka 5, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wana msamaha kwa utaratibu wa serikali. Wengine wasio na uwezo huanzia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa husaidia. Barua hiyo ikianza kutafutwa siku ya kuruhusiwa, mgonjwa aliyepona anakaa siku nyingine tatu akiongeza deni.

Siku ya kuruhusiwa ndiyo inayoendeshwa kwa haraka kuliko zote. Bahasha za dawa zimeandikwa 1x3, 2x2. Kwa mfamasia ni wazi: kimoja mara tatu kwa siku, viwili mara mbili kwa siku. Wapo wanaosoma kidonge kimoja kwa siku tatu. Kuchora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi kunasaidia, ila kipimo halisi ni kumwambia, "Hebu nielekeze, ukifika nyumbani utazimezaje?" Akikosea, kosa ni la maelezo, yarudiwe bila kucheka.

Nyuzi za tumbo kwa kawaida hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10, na zahanati ya kijijini inaweza kuzitoa. Mara nyingi hakuna anayesema hivyo, basi mtu anapanda bodaboda kwenye makorongo kutoka Kaliua hadi mjini kwa kazi ya dakika kumi. Barua fupi kwa mganga wa zahanati iandikwe, ikiwa na tarehe, aina ya upasuaji na idadi ya nyuzi, na gozi mbili tatu zifungwe pamoja nayo. Dalili za kurudi zitajwe kwa vitu anavyoviona: homa, usaha, kidonda kuachia, tumbo kujaa na kutapika, mguu mmoja kuvimba. Namba ya simu ya wodi iandikwe nyuma ya barua hiyo, pamoja na saa ambazo kuna mtu wa kuipokea.